UZI: Jeni iliyotujengea mishipa ya damu ndiyo hiyohiyo inayovujisha jicho la mama

#1 Mwalimu_Kisumu

Wadau, hamjambo. Mchana wa leo nimetoka kliniki ya macho na mama. Amechomwa sindano yake ya kwanza ndani ya jicho la kulia. Tangu tufike nyumbani simu haijanyamaza, na kila anayepiga anauliza lilelile: sindano ndani ya jicho ya nini, na ugonjwa wake ni sukari? Mimi nafundisha baiolojia, kwa hiyo nimeona niandike yote hapa mara moja. Ndugu zangu walio Nakuru na Busia watasoma, na mwenye mzazi wa namna hii naye huenda akapata kitu.

Mama ana kisukari, na huuza omena soko la Kibuye. Miezi miwili iliyopita alikuwa amekaa sebuleni, akasema fundi aliyetuwekea mlango alituibia, fremu imepinda. Nikaangalia, fremu imenyooka kama siku zote. Nikamwambia azibe jicho la kulia. "Sasa umenyooka," akasema. Akaziba la kushoto, mlango ukapinda tena katikati, kama unavyoona mti wa nyavu ukiwa ndani ya maji yanayotikisika. Hapo ndipo alipokiri kwamba sokoni amekuwa akimpa jirani noti amsomee kabla ya kurudisha chenji.

Daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akampiga picha ya nyuma ya jicho na kutuonyesha kwenye kompyuta. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa mtu mzima wa afya ina kibonde kidogo katikati, pale tunaposomea na kutambulia sura. Kibonde cha mama kimegeuka kilima. Maji yamevuja kutoka kwenye vishipa vya damu yakajaa chini yake. Daktari akasema kinachovujisha ni protini iitwayo VEGF, wao huitamka vejefu, na sindano ni ya kuizuia.

Mama akauliza kitu ambacho ndicho kimenifanya nianzishe uzi huu: "Hicho kitu kibaya kimeingiaje mwilini mwangu?"

Hakikuingia. Alizaliwa nacho, na bila hicho asingezaliwa.

#2 Mwalimu_Kisumu

Nianze na jeni yenyewe. Inaitwa VEGFA na iko kwenye kromosomu ya 6. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Seli huisoma jeni hiyo, hutengeneza protini, kisha huitoa nje. Protini inasambaa polepole mpaka ikutane na mshipa wa damu ulio karibu. Ndani ya mshipa kuna seli bapa zilizopangwa kama vigae, na kwenye seli hizo kuna vipokezi. VEGF ikikamata kile kiitwacho VEGFR2, kigae kinaamka. Kinalegeza mkono kwa jirani yake, kinayeyusha utando uliokishikilia, kinagawanyika, na kuanza kusogea kule VEGF inakotokea.

Kusogea kwenyewe kuna utaratibu unaonifurahisha kila mwaka ninapoufundisha. Mmeona watu wa kijiji wakichimba mfereji wa maji kwenye kichaka? Mmoja hutangulia na panga akifungua njia, wengine wanafuata na majembe wakirefusha. Mishipa hufanya vivyo hivyo. Seli moja huwa ya mbele, inatoa vidole vyembamba sana vya kupapasa, na palepale inawapa majirani ishara kwamba wao wasitangulie. Majirani wanabaki nyuma wakigawanyika na kutengeneza bomba. Seli zote zikitaka kuwa mbele, unapata fujo ya mishipa isiyopeleka damu popote.

Tena jeni ni moja lakini protini zake si moja. Ina vipande 8, eksoni, na seli huweza kuviunganisha kwa namna mbalimbali. Fupi ina asidi amino (vijenzi vya protini) 121, hiyo huenda mbali kwa wepesi. Ya 189 hunata palepale ilipotolewa. Ya 165 ndiyo inayopatikana zaidi, nusu inanata, nusu inasafiri. Ukiziweka pamoja unapata mteremko: nyingi karibu na chanzo, kidogo kidogo kadiri unavyokwenda mbali. Seli ya mbele hufuata mteremko huo. Panya wa maabara walioachiwa ile fupi peke yake walipata mishipa minene yenye matawi machache, maana njia ilipotea.

Na kipimo chake ni cha ajabu. Mwaka 1996 makundi mawili ya wanasayansi, kila moja kivyake, yalizima nakala moja tu ya jeni hii kwa panya. Jeni nyingi ukizima nakala moja, ya pili inabeba mzigo. Hii haikuweza. Viinitete vilikufa tumboni karibu siku ya 11 au 12, mishipa haijakamilika. Nusu ya kipimo haikutosha kumfikisha kiumbe kwenye kuzaliwa.

#3 Mbio_za_Iten

Mwalimu, shukrani. Sasa nani anaiwasha? Mimi nafanya mazoezi huku juu, mita kama 2,400. Kocha wetu husema mwili "unachimba mito mipya" ukizoea. Ni jeni hii?

#4 Mwalimu_Kisumu

Ndugu yangu, kocha wako hajakosea. Kinachoiwasha zaidi ya chochote ni upungufu wa oksijeni, na namna inavyowashwa ndiyo iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Chukulia kila seli ina mjumbe anayezaliwa kila dakika. Jina lake HIF. Kazi yake ni kuingia kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni za dharura, VEGFA ikiwemo. Lakini mlangoni kuna askari, kimeng'enya kinachomtia alama, na mwenye alama hubebwa na kuharibiwa mara moja. Siri ni kwamba askari hawezi kutia alama bila oksijeni. Hewa ikiwepo, mjumbe hufa kila anapozaliwa. Hewa ikipungua, askari mikono inalegea, mjumbe anapita, na jeni inawaka. Seli haihitaji kifaa kingine cha kupimia hewa.

Msuli unaofanya kazi hutumia oksijeni upesi kuliko inavyoletwa, kwa hiyo kila mazoezi ni wito. Panya walioondolewa VEGF kwenye misuli walikuwa na kapilari, vile vishipa vidogo kabisa, chache na walichoka mapema wakikimbizwa. Ila usidhani ndiyo siri nzima ya wakimbiaji wa huko. Kuna damu yenyewe, moyo, na miaka ya kuamka alfajiri.

#5 Sista_Kakamega

Mwalimu, mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Ongeza hapa habari ya presha ya mimba, maana nayo inatoka kwenye mlango huohuo na akina mama wengi wanaisoma kama uchawi au mawazo mengi.

Nilivyofundishwa ni hivi. Kondo la nyuma lisipopata damu vizuri, hutoa kipokezi cha VEGF kilichokatwa, kinachoelea kwenye damu ya mama. Kinakamata VEGF kabla haijafika kwenye mishipa. Ni kama mtu anayepokea barua za kijiji kizima na kuziweka mfukoni. Mishipa ya mama ikikosa VEGF, inakaza, presha inapanda. Kwenye figo vichujio vinaharibika, protini inapita kwenye mkojo. Ndiyo maana kila ukija kliniki tunakufunga kile kitambaa cha mkono na kukuomba mkojo kwenye kikopo, hata kama unajisikia mzima. Akina mama, msituone wasumbufu. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona nyota, tumbo la juu likiuma, usisubiri tarehe iliyo kwenye kadi. Njoo siku hiyohiyo.

#6 Mwalimu_Kisumu

Sista, asante sana. Nilikuwa nimeandika aya ya figo, naifuta yangu naacha yako. Niongeze kidogo tu: seli zinazozunguka vichujio vya figo hutoa VEGF kila siku ya maisha yetu, kwa sababu vishipa vya pale haviwezi kukaa vizuri bila kuipata. Kwa hiyo tusidhani jeni hii hujenga ikiisha kujenga ikalala. Inatunza pia. Kila mwezi hurudisha mishipa kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi baada ya hedhi. Kidonda kikipona, zile nyama nyekundu nyekundu zinazojaza shimo ni vishipa vipya ilivyoviita.

#7 Achi_Nakuru

Kaka, ni mimi. Nimesoma uzi wote kwenye matatu nikitoka kazini. Nimetafuta jina la dawa lililo kwenye karatasi uliyonitumia, bevacizumab. Intaneti inasema ni dawa ya SARATANI ya utumbo. Mama ana saratani mnanificha? Na kama si saratani, kwa nini anachomwa dawa ya saratani? Nijibu leo, sitalala.

#8 Mwalimu_Kisumu

Achi, dada yangu, mama hana saratani. Naapa. Ningekupigia simu kwanza, na nimekosea kukutumia karatasi bila neno. Sasa nisikilize taratibu.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa upasuaji huko Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua zaidi ya milimita 1 au 2 bila kujivutia mishipa ya damu. Seli za katikati hukosa hewa na chakula. Kwa hiyo lazima kuna kitu uvimbe hutoa kuita mishipa. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1983, Boston hukohuko, Donald Senger na Harold Dvorak walipata kwenye maji ya uvimbe wa wanyama wa maabara protini inayofanya vishipa vivuje vibaya sana, na wakaiita kwa kazi hiyo ya kuvujisha. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara, Mwitalia aliyekuwa akifanya kazi Kalifonia, akaitenga protini inayokuza seli za mishipa na kuisoma jeni yake. Zilipolinganishwa, ikawa ni kitu kimoja. Anayekuza na anayevujisha ni yuleyule. Kumbuka hilo, ndilo lililo kwenye jicho la mama.

Kundi la Ferrara likatengeneza kingamwili ya kuikamata VEGF. Ndiyo bevacizumab. Marekani iliikubali Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, ili kuunyima uvimbe mishipa.

Upande wa macho nao walikuwa wakimtafuta mtu huyohuyo kwa jina jingine. Mwaka 1948 Isaac Michaelson alisema retina iliyokosa damu hutoa kitu kinachosambaa na kuotesha mishipa. Hakukijua, watu wakakiita kisababishi X. Mwaka 1994 wakapima maji ya ndani ya macho ya wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakiota mishipa mipya, wakakuta VEGF nyingi. Miaka 46 kutoka kwenye wazo mpaka kwenye kipimo.

Basi dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya utumbo ikaonekana inafaa jichoni, kwa kuwa anayekamatwa ni mmoja. Zipo nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya jicho, ranibizumab na aflibercept, na ni ghali zaidi. Bevacizumab ya macho iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013. Hatukupewa kitu cha kubahatisha.

#9 Achi_Nakuru

Nimelia kidogo lakini nimeelewa. Mama anaendeleaje usiku huu? Na Sista amesema mtu akinyimwa VEGF presha inapanda. Mama tayari ana presha!

#10 Mwalimu_Kisumu

Swali zuri sana. Mgonjwa wa saratani huwekewa dripu, miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kila wiki mbili, kwa saratani ya utumbo. Mwenye kilo 70 hupata miligramu 350 kwenye damu, na ndiyo, kwake presha hupanda, protini huonekana kwenye mkojo, na vidonda huchelewa kupona. Ukiusoma uzi toka juu unaona kwamba hayo yote ni kazi za VEGF zilizositishwa. Mama amechomwa miligramu 1.25 ndani ya jicho. Ni mililita 0.05, tone moja. Kidogo chake hufika kwenye damu, ndiyo maana daktari aliuliza kama amewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, akampima presha kabla ya kumgusa.

Anaendelea vizuri. Alisema kilichomwogopesha ni kungoja, sindano yenyewe hakuisikia zaidi ya mgandamizo. Walimtia matone ya ganzi, wakaosha jicho kwa dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, wakaweka kifaa cha kuzuia kope. Sindano huingia kwenye weupe, kama milimita 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Baadaye aliona kiduara cheusi kikielea chini kama tone la mafuta kwenye supu. Tuliambiwa ni hewa kidogo, kitaisha. Jicho likiuma kwa kuongezeka, likiwa jekundu zaidi au kuona kukipungua, tunarudi siku hiyohiyo hata kama ni Jumapili.

#11 Nyar_Busia

Mwalimu, mwanangu ana sikoseli, ana miaka 11. Kuna mtu kliniki alinitajia "macho" sikumwelewa. Inahusiana na haya?

#12 Mwalimu_Kisumu

Mama, inahusiana moja kwa moja. Seli za damu zenye umbo la mundu huziba vishipa vidogo, na pembezoni mwa retina vishipa ni vidogo sana. Sehemu hiyo ikikosa hewa inaita VEGF, vinaota vishipa vilivyotandaa kama feni. Mtoto haoni tofauti yoyote mwanzoni kwa sababu ni pembezoni, huku katikati akisoma vizuri. Kwa hiyo usingoje alalamike. Ushauri wa madaktari ni watoto wa sikoseli wakaguliwe nyuma ya jicho kwa matone ya kupanua mboni kuanzia karibu miaka 10. Wako amefika. Mkienda kliniki yake inayofuata, omba barua ya kwenda kwa daktari wa macho.

#13 Mkulima_Molo

Mimi nina swali la mkulima. Kama VEGF inaleta mishipa, na jicho la mgonjwa wa sukari limekosa damu, si mishipa mipya ndiyo dawa? Kwa nini mnaizuia?

#14 Mwalimu_Kisumu

Mzee, hapo umeligusa lenyewe. Hili ndilo ninalotaka ndugu zangu walishike kuliko yote.

Sukari ikikaa juu miaka mingi, seli zinazovishika vishipa vya retina kwa nje hufa. Kapilari nyingine zinaziba. Retina ni miongoni mwa sehemu zenye njaa kubwa ya oksijeni mwilini, haivumilii. Inaita. Kwa kiinitete wito huo hujibiwa kwa kipimo, mahali pake na kwa wakati wake, na nyuma yake zinakuja seli nyingine za kukaza na kuimarisha mshipa. Kwenye jicho la mama wito hauishi, usiku na mchana, miaka. Vishipa vilivyopo vinalegea na kuvuja, hicho ndicho kilima tulichoona. Kwa wengine hutoka vishipa vipya, laini kama uzi wa buibui, vinavyopanda kwenye ute wa katikati ya jicho badala ya kwenda kwenye njaa. Vikipasuka, jicho linajaa damu. Vikigeuka kovu, linavuta retina mpaka ibanduke.

Wewe ukichimba mfereji kwa haraka mvua ikinyesha, bila kupiga kingo, maji yatafika shambani? Yatabomoa tu.

Sasa sindano inanyamazisha wito. Haileti chakula. Retina bado ina njaa, imefungwa mdomo. Ndiyo maana dawa ikiisha nguvu baada ya wiki kadhaa maji hurudi, na sindano za mwanzo hutolewa kila mwezi. Hata leza ya macho, iliyokuwepo kabla ya sindano hizi, hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo: huchoma sehemu za pembeni za retina ili zisihitaji oksijeni, njaa ipungue, wito upungue. Unatoa kafara pembeni uokoe katikati.

Kwa hiyo Achi, na ndugu yetu uliye Busia, mkija nyumbani msimletee mama soda na mikate mitamu kwa sababu "amepata dawa ya jicho". Kinachogusa njaa yenyewe ni sukari kushuka na presha kushuka. Nimebandika karatasi ukutani jikoni, tunaandika sukari ya asubuhi kila siku. Ya leo ilikuwa 11.2. Ya jana 12.8.

#15 Sista_Kakamega

Na mwenye kisukari yeyote anayesoma: ukaguliwe nyuma ya jicho kila mwaka hata kama unaona vizuri. Mama wa Mwalimu aliona mlango umepinda. Wengi hawaoni chochote mpaka damu imwagike.

#16 Mkulima_Molo

Nimeelewa, Mwalimu. Mimi nina sukari mwaka wa saba sasa, sijawahi kupelekwa jicho. Jumatatu nashuka Nakuru.

#17 Mwalimu_Kisumu

Narudi kwenye uzi baada ya wiki tisa. Mama amechomwa ya tatu leo. Picha mpya inaonyesha kilima kimeshuka zaidi ya nusu, kibonde kimeanza kuonekana. Noti anazisoma mwenyewe. Jioni nimemweka kwenye kiti kilekile na kumziba jicho la kushoto. Akautazama mlango kwa muda, akasema upande wa chini umenyooka, juu karibu na bawaba bado kuna kikunjo kidogo. Sukari ya asubuhi 8.1. Ya nne ni mwezi ujao.